Ramiro Anatolewa Uwanjani

NOREEN: Haloo, Noreen hapa. Sema haraka, nina simu tatu mezani.

SAUTI: Haraka ya nini? Siku hizi hata salamu hamna?

NOREEN: Nani mwenzangu?

SAUTI: Nani mwenzako! Mzee Kaz. Baba yako mzazi, kama bado unamkumbuka.

NOREEN: Aa, Baba! Shikamoo. Nilidhani ni wale wa timu ya pwani ya magharibi.

MZEE KAZ: Marahaba. Niko uwanjani, kwenye kiti changu, na nimekabwa koo.

NOREEN: Na nani?

MZEE KAZ: Na Orville, jirani yangu wa kiti! Na safu nzima! Timu yetu ya Korongo inaburuza mkia ligi nzima ya besiboli, bibi mkuu wa usajili. Nikiinua bia tu, mtu anauliza, "Mzee Kaz, binti yako leo anauza nani? Au anauza nyasi?"

NOREEN: Waambie nyasi hazina mteja.

MZEE KAZ: Usinichekeshe, nimekasirika! Mwaka jana ulipomuuza yule mpigaji wetu, nani alikutetea? Mimi. Kwa kinyozi, mimi. Kanisani, mimi. Kwenye mazishi ya shemeji yangu, jeneza liko pale, mimi namweleza padri kwamba timu inajengwa upya!

NOREEN: Na ulimwambia kweli. Tungebaki na wale wazee, tungemaliza katikati kila mwaka mpaka kiama. Sasa tuna vijana. Yule mrushaji wa mkono wa kushoto, kule timu ya chini, mpira wake hauonekani—

MZEE KAZ: Hata mimi sijauona! Maana hayupo hapa!

NOREEN: Anaiva, Baba. Maharage hayaivi kwa dakika tano.

MZEE KAZ: Mimi nimekaa mezani tangu mama yako yu hai. Sahani tupu.

[Mtandao unakwaruza.]

MZEE KAZ: Haloo? Upo?

NOREEN: Nipo.

MZEE KAZ: Basi sikia. Uza wote. Uza kocha, uza yule anayevaa manyoya ya korongo na kurukaruka. Ramiro Quezada, mkongwe wetu, usimguse. Niahidi hapa hapa.

NOREEN: Baba, usajili unafungwa leo saa kumi na mbili. Siwezi kumzungumzia mchezaji ye—

MZEE KAZ: Sikuulizi saa!

NOREEN: Ukijua wewe anajua Orville. Akijua Orville linajua jiji zima.

MZEE KAZ: Kwa hiyo kuna jambo la kujua... Ngoja. Ngoja kwanza. Kocha ametoka benchini.

NOREEN: Baba—

MZEE KAZ: Anakwenda kati. Mbona mchezo bado unaendelea? Anamwita Ramiro. Noreen, Ramiro ameumia?

NOREEN: Hapana. Hajaumia.

MZEE KAZ: Wanamkumbatia. Benchi zima, mmoja mmoja... Yesu na Maria! Umemuuza! Unaongea na mimi na umeshamuuza!

NOREEN: Ndivyo inavyofanyika. Mkishakubaliana anatolewa, asije akavunjika mguu.

MZEE KAZ: Najua inavyofanyika! Nimeutazama mchezo huu tangu kabla hujazaliwa!

[Makofi mengi. Maneno yanakatika.]

NOREEN: ...vijana watatu, Baba, tena wazuri. Ramiro ana miaka thelathini na mitano. Siku tutakapokuwa na timu, magoti yake yatakuwa yamekwisha. Leo ana bei. Mwakani—

MZEE KAZ: Mtu si nyanya, useme itaoza! Mwezi wa nne alishika kipaza sauti pale kati, akasema atazikwa na jezi hii. Nililia. Orville alilia, na Orville hakumlilia hata mkewe!

NOREEN: Nakumbuka.

MZEE KAZ: Halafu wewe unamtupa, naye anakubali tu, hapi— Ngoja. Ramiro ana miaka kumi na mmoja hapa kwetu.

NOREEN: Baba, simu nyingine inaingia.

MZEE KAZ: Iache ilie. Kanuni inasemaje? Miaka kumi kwenye ligi, mitano ya mwisho timu moja, mchezaji hauzwi asipotaka. Akisema hapana, yamekwisha.

NOREEN: Baba, tafadhali.

MZEE KAZ: Kwa hiyo alisema ndiyo.

NOREEN: Usiniulize hilo.

MZEE KAZ: Alisema ndiyo tu, au ndiye aliyekuja kuomba?

[Makofi hayaishi.]

MZEE KAZ: Noreen.

NOREEN: Nilimpa neno langu. Watu wako kwenye geti la magari na mabango, wamenichora na pembe kichwani. Tangu asubuhi siwezi kutoka hata kununua mkate. Nikisema, yule mtu hatakanyaga tena mji huu. Nisiposema, wenye timu watanifukuza ili watu watulie. Nimebanwa, Baba. Nimebanwa huku na huku, na sina wa kumwambia.

MZEE KAZ: Anataka kombe.

NOREEN: Sijasema kitu.

MZEE KAZ: Hujasema kitu. Anataka kombe kabla magoti hayajaisha, na sisi hatuna la kumpa. Mimi ningekuwa yeye... la, mimi nisingeondoka. Lakini mimi nani ananitaka?

NOREEN: [Anacheka.] Anafanya nini sasa?

MZEE KAZ: Amevua kofia. Anatupungia. Mtu mzima analia kama mtoto, maskini.

NOREEN: Na wewe?

MZEE KAZ: Napiga makofi, simu nimeibana begani. Ngoja, huyu Orville ananivuta shati. [Kwa mbali.] Eh, ndiye, naongea naye... Nimemuuliza, ndiyo... Anasema ni uamuzi wake mwenyewe. Wake peke yake! Ramiro kaambiwa tu, kama wewe na mimi!

NOREEN: Baba, usifanye hivyo! Utakaa nao vipi?

MZEE KAZ: [Kwa mbali.] Tukana, Orville, tukana umalize. Kwani nimesema uache?

NOREEN: Baba!

MZEE KAZ: Nipo. Ulikuwa unasema?

NOREEN: Watakutenga. Hawatakusogezea hata karanga.

MZEE KAZ: Karanga zao zina chumvi nyingi, daktari amenikataza.

[Makofi yamepungua. Uwanja unaanza kuimba, maneno mawili tu, yanarudiwa.]

NOREEN: Wanaimba nini?

MZEE KAZ: Nini? Sikusikii.

NOREEN: Nimeuliza, wanaimba nini?

MZEE KAZ: Wanamwimba Ramiro. Wanamuaga.

NOREEN: Baba, ofisi yangu iko juu ya vichwa vyenu. Dirisha liko wazi. Nasikia jina langu.

[Uwanja unaimba.]

MZEE KAZ: Basi lifunge, mwanangu. Lifunge, uendelee na kazi. Mimi nakaa nao hapa mpaka mwisho. Haya, kwaheri, chaji ina—