Maisha ya Mwanahawa binti Shomari, Aliyeiteka Baiskeli ya Mtani

Assalamu alaikum, majirani wa Ipuli, nanyi mliokuja na treni kutoka Kigwa. Mimi ni Mfaume Shomari, fundi viatu, mdogo wa marehemu, herufi nimejifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia ngozi, kwa hiyo nitasoma polepole, na nitasema yaliyotokea, si yanayopendeza, asiyeyataka uwanja ni mpana.

Mwanahawa alizaliwa hapa Tabora mwezi wa Ramadhani mwaka 1938, mtoto wa kwanza wa mzee Shomari, ambaye baba yake alikuwa Mzaramo aliyefuata misafara kutoka Bagamoyo akaoa huku, ndiyo maana hadi leo Wanyamwezi ni watani wetu, wanatutukana tukiwa wazima na kutuchimbia kaburi bila kuombwa. Alisoma chuoni Kurani, akasoma shule ya msingi tangu mwaka 1947 hadi darasa la nne mwaka 1950, kisha akakaa nyumbani akishona kofia na mama.

Tarehe 6 Juni 1959 aliolewa na Yahaya Thabit, mfanyabiashara wa asali na nta wa Kigwa, ambaye yupo, ameketi pale karibu na mlango, na tarehe 20 Desemba 1961, Uhuru ukiwa bado mbichi, alimzaa Batuli, mtoto wake wa pekee. Batuli hajaanza kutembea vizuri madaktari wakasema damu yake ina ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauponi, unamvimbisha viungo na kummalizia damu mpaka aongezewe ya mtu mwingine, na tangu hapo maisha ya dada yangu yakawa treni na hospitali, hospitali na treni, yeye mwenyewe akitoa damu yake hadi daktari akamkataza, akamwambia, "Mama, sasa tutakuwa na wagonjwa wawili."

Oktoba 1974, watu wa Kigwa wakihamia viwanja vya kijiji cha Ujamaa, Batuli alizidiwa, akafikishwa hospitali midomo imekuwa myeupe, daktari akataka damu kabla ya jua kuzama. Yahaya alipimwa, damu ikafanana na ya mwanawe, akasema, "Natoka kidogo nikateme mate," na mate hayo akaenda kuyatemea Kigwa, maana aliamini maneno ya mumiani, kwamba damu ya mtu inachukuliwa kwenda kufanywa dawa ya kuuzwa. Usinikodolee macho, shemeji, ulikuwa mtu mzima.

Mwanahawa akatoka hadi langoni, akamkuta Luhende na baiskeli yake, Mnyamwezi muuza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ambaye hakumjua kwa jina, ila alimjua kwa matusi.

"We Mzaramo, nazi zimekwisha kwenu mpaka mje kulala njaa hospitali yetu?"

Mwanahawa akaikamata baiskeli ya Luhende na gunia likiwa juu, akaisukuma hadi wodini, wauguzi wakipiga kelele, akaifunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda cha Batuli, akamwambia, "Mtani, nimeiteka. Ikomboe kwa damu."

Wenyeji mnajua, kitu kikishatekwa na mtani hakidaiwi kwa polisi, kinakombolewa. Luhende akamtazama mtoto, akakunja shati. "Nilidhani utataka kuku," alisema. "Haya, nipimeni, lakini huyu mtoto akipona atakuwa Mnyamwezi, atakula michembe hii na hatalalamika." Ikafanana, Mungu ni mkubwa, na tangu siku hiyo kila Batuli alipoishiwa Luhende alikuja, akitukana tangu langoni.

Januari 1975 marehemu aliajiriwa hapo hospitalini kufua mashuka, ili kitanda cha mwanawe kisiwe mbali, akawa analala sakafuni kando yake, mgongo ukutani, mkono mmoja juu ya godoro. Tarehe 9 mwezi huu wa Machi 1978 alianguka akianika mashuka, ikawa homa ya mapafu, akafariki jana Jumanne tarehe 14 saa tisa alasiri, wodi ya pili kutoka kwa Batuli, ambaye naye tangu juzi anasubiri damu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafuaji wenzake waliogawana zamu yake, na majirani mliopika tangu jana. Luhende simshukuru, mtani hashukuriwi, na isitoshe mwaka jana aliugua manjano, damu yake haitakiwi tena, naye tangu alfajiri amelikalia jembe la kaburi, tumempa mbuzi amekataa, tumempa kanzu yangu ya Idi ameikejeli mshono. Anasema jembe linakombolewa na mtu mmoja, kwa kitu kilekile kilichokomboa baiskeli, na jirani mwenye jembe ameafiki, na mimi nimeafiki, dada yetu hateremshwi kaburini kabla mtu huyo hajarudi na pamba ya kutolewa damu mkononi.

Shemeji Yahaya, hospitali unaijua, na leo ukitaka kutema mate nitakusindikiza.

Mwanahawa, dada yangu, leo lala chini unyooshe miguu. Zamu ya kitanda cha Batuli tumeipokea.