Placidius Kaijage, Aliyekuwa Mgeni wa Kaisho

Wapendwa waombolezaji, mwenye pa kukaa na akae. Marehemu hakupenda watu wasimamishwe juani, na katika maisha yake aliona foleni za kumtosha. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake Yustasi, ambaye ndiye anayeusoma. Humu ndani atajitaja kwa jina kama watu wengine, maana akianza kusema "mimi" leo hatafika mwisho.

Placidius Kaijage alizaliwa Nyaishozi tarehe 5 Oktoba 1911, mtoto wa kwanza wa Mama Kembabazi. Kati yake na Yustasi, aliyezaliwa 1930, mama yao alizaa wengine wanne, na wote walizikwa wadogo. Kila mmoja alipougua, Placidius ndiye aliyetumwa kukimbia kumwita mganga, na kila mara mganga alikuwa mbali. Hakuwahi kulizungumza sana jambo hilo. Alisema tu kwamba mbio zake zote alizimaliza utotoni, ndiyo maana ukubwani alikuwa akitembea polepole.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1921, kisha mwaka 1930 akaenda Bukoba kujifunza uuguzi. Aliporudi likizo ya kwanza alikuja na sindano moja butu, ya zile za kutibia vidonda vya buba, aliyopewa ya kufanyia mazoezi, naye akaichoma kwenye kila ndizi iliyokuwa imetundikwa jikoni. Mama Kembabazi alizikuta ndizi zina madoa meusi, akasimama mlangoni na kuuliza, "Placidius, ndizi zangu nazo zina buba?" Maneno hayo yalimfuata maisha yake yote. Hata wazee wa Nyaishozi walipopita mbele ya zahanati walimuuliza kama ndizi zimeshapona.

Mwaka 1933 aliajiriwa kwenye zahanati ndogo ya Nyaishozi, nyumbani kabisa, karibu kiasi cha kumsikia mama yake akimwita kula. Hiyo ilikuwa miaka yake mizuri. Mwaka 1937 baba yao alifariki, na siku ya maziko Placidius alimshika mdogo wake mkono mbele ya watu, akaahidi kwamba mtoto huyu atasoma mpaka awe mwalimu. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko mfuko. Mshahara wa muuguzi ulitosha kodi, chumvi na sabuni, basi.

Mwaka uliofuata wakubwa wa kazi wakaleta kitu walichokiita posho ya ugenini. Zahanati za mbali zilikuwa zinakimbiwa. Muuguzi anapelekwa, anakaa misimu miwili, anasema mke wake anaumwa, ndiyo buriani. Ikaamriwa kwamba anayefanya kazi mahali asipokuwa na ukoo ataongezewa pesa kila mwezi ili atulie. Mwenyeji hapati hata senti, kwa kuwa yeye yuko kwao, atakimbilia wapi? Ndivyo walivyoona, na wao walikuwa wamesoma.

Wakati huo Kaisho palikuwa na muuguzi kijana aitwaye Aristides Byaruhanga, mzaliwa wa hapahapa. Yeye na Placidius walikuwa wakikutana Bugene kila mwezi kuchukua dawa kwenye ghala. Siku moja wakiwa wamekaa juu ya masanduku yao, Aristides alisema, "Wewe uko kwenu, mimi niko kwetu, na wote tunalala njaa. Tubadilishane, tuwe wageni."

"Na mama zetu?" Placidius aliuliza.

"Wako atakuwa na mimi, wangu atakuwa na wewe. Sisi si wauguzi?"

Basi wakaomba uhamisho, wakapewa haraka sana. Mwaka 1938 Placidius alitembea siku tatu kutoka Nyaishozi mpaka Kaisho, na Aristides akatembea siku tatu kwenda Nyaishozi. Walipishana njiani, wakasalimiana, wakacheka. Walikubaliana kuwa itakuwa mpaka Yustasi amalize shule, halafu kila mtu arudi kwao. Waombolezaji mnaona wenyewe tumesimama wapi leo.

Hapa Kaisho alitibu buba, vidonda, homa na watoto waliomeza kila kilichomezeka. Jioni alipita kwa Mama Yudesi, mama yake Aristides, kumwangalia miguu iliyokuwa ikivimba. Kule Nyaishozi, Aristides alikuwa akimpelekea Mama Kembabazi kuni. Mwaka 1940 Placidius na Aristides waliona aibu kuhudumiana hivyo kama majirani tu, wakafanya omukago, kuchanjiana kwa desturi ya kwetu: kila mmoja akachanjwa tumboni, damu ikapakwa kwenye punje ya kahawa, mwenzake akaimeza. Kwa kuwa ni wauguzi, walichemsha wembe kwanza, na baadaye wakapakana iodini, na mzee aliyewasimamia akanung'unika kwamba hajawahi kuona udugu unanuka dawa namna ile. Padri alipopata habari aliwagombeza wote wawili. Walikubali kugombezwa, lakini kahawa ilikuwa imeshashuka.

Tarehe 18 Januari 1941 alifunga ndoa na Eugenia, binti wa Ihanda. Eugenia aliambiwa wanakwenda kukaa Kaisho kwa muda, kwa hiyo alikuja na sufuria moja, nyingine akaziacha kwao. Mpaka leo sufuria hizo ziko Ihanda. Walijaliwa watoto watatu, Verdiana na wadogo zake wawili, na wote wanazungumza kama watu wa huku, hata jamaa zao wa Nyaishozi huwacheka.

Sasa inabidi lielezwe jambo ambalo wengi mnalijua nusunusu. Novemba 1946, wakati wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, mkaguzi alifika hapa Kaisho pamoja na karani wake, mtu wa Karagwe anayezijua mila zetu. Wakiwa bado wanazungumza barazani, akatokea Mama Yudesi na furushi la senene kwenye jani la mgomba.

"Nimemletea mwanangu," alisema.

"Mwanao?" karani aliuliza. "Mama, huyu si mtu wa Nyaishozi?"

"Nyaishozi wapi! Huyu alikula kahawa na Aristides wangu. Ni wangu huyu."

Karani alifunga daftari lake. Alijua kwamba kwa mila yetu aliyechanjiwa ana ukoo kamili, na mwenye ukoo mahali si mgeni wa mahali hapo, na asiye mgeni hana posho. Hakuwa mtu mbaya. Alimsogelea Placidius, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana Kaijage, wazee husema mengi. Nikimwambia mkubwa kwamba ni jirani tu anayekupenda, yamekwisha. Sema neno moja tu."

Placidius alimtazama Mama Yudesi, ambaye alikuwa bado ameshika lile furushi kwa mikono miwili, akisubiri. Alijua bei ya jibu lake. Yustasi alikuwa darasa la sita, shule ya bweni, na ada yote ilitoka kwenye posho hiyo.

"Ni mama yangu," alisema. "Mwambie hivyo."

Posho ikakatwa mwezi huohuo. Placidius alikwenda Bugene akijua kwamba ameharibu na ya Aristides pia. Alipomaliza kueleza, Aristides aliinamisha kichwa. "Kaka, walianzia kwangu," alisema. "Waliniuliza kuhusu Mama Kembabazi, nikajibu hivyohivyo. Nimekuja hapa naogopa kukuambia." Walicheka mpaka mwenye ghala akatoka nje kuangalia. Halafu kila mmoja akafunga mzigo wake.

Mtu angedhani kwamba sasa, kwa kuwa pesa haipo, wangerudi kwao. Waliomba. Placidius aliomba 1947, akaomba tena 1949. Jibu lilikuwa kwamba uhamisho wa kurudi nyumbani hupewa aliye mbali na nyumbani, na yeye ameshakubali kwa kinywa chake kuwa Kaisho ana mama. Uko nyumbani, wakamwambia. Angeweza kuacha kazi, na Eugenia alimshauri hivyo zaidi ya mara moja. Alikuwa akijibu, "Nikiondoka wataletewa mgeni mwingine, na yeye atakimbia." Halafu anachukua mkoba wake, anatoka. Msimwone kama malaika. Alikuwa mtu aliyechoka, na wakati mwingine aliwafokea wagonjwa, na jioni alikaa kibarazani mpaka giza linaingia.

Yustasi alitoka shuleni darasa la sita, akarudi Nyaishozi kulima kahawa. Hakuwa mwalimu na hatakuwa. Kwa miaka minne hakumtumia kaka yake hata salamu, kwa sababu aliona ameuzwa kwa furushi la senene la mama wa watu. Hasira hiyo aliilisha vizuri, ikanenepa. Placidius hakujitetea. Kila mwezi alimtumia shati au jembe kupitia kwa Aristides, bila maelezo yoyote. Watu wa Kaisho walipomwona hana posho walimkatia kibanja chenye migomba na kahawa, hiki tulimo leo, na alishukuru, ila kahawa changa hailipi ada.

Mama Kembabazi alifariki Nyaishozi tarehe 2 Juni 1951. Aristides ndiye aliyemfumba macho, ndiye aliyenyoa nywele za msiba kama mtoto wake wa kumzaa. Habari zilimfikia Placidius maziko yameshapita. Alitembea hata hivyo, siku tatu kwenda. Alikaa kaburini mchana mmoja, akageuka, siku tatu kurudi, kwa sababu alikuwa ameacha mtoto mwenye homa kali. Yustasi alimsindikiza mpaka njia panda, na hapo ndipo walipoanza tena kuzungumza. Walizungumza habari za mvua.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955. Alikuwa akijitibu mwenyewe na kujidanganya mwenyewe, kama wauguzi wote. Kuanzia Desemba iliyopita hakuweza tena kufika zahanati, wagonjwa wakawa wanakuja kitandani kwake, naye akielekeza huku amelala. Eugenia alipomuuliza kama akifa apelekwe Nyaishozi kwa mama yake, alisema, "Msinibebe. Ile njia naijua." Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Lakini Yustasi hakuwa ameyasikia maneno hayo. Alipotumiwa habari kwamba kaka yake amezidiwa, alitoka Nyaishozi na wanaume wanane na machela, akiwa ameapa kwamba mzima au maiti, safari hii anamrudisha. Jana jioni waliingia hapa na kukuta kilio. Alimkuta Mama Yudesi amekaa chini kando ya maiti, miguu haifanyi kazi tena, na Aristides, aliyetangulia kufika, ameketi kando yake. Mama aliitazama ile machela, akasema, "Mchukue, baba. Nimekaa naye miaka mingi kuliko haki yangu. Ila kaburini Nyaishozi mimi sitafika."

Yustasi alitoka nje, akakaa na watu wake. Hasira yake haijaisha yote, hata leo. Lakini asubuhi machela ilihitajika, maana kutoka nyumbani mpaka hapa kwenye migomba ni mteremko. Yustasi alishika mbele, Aristides akashika nyuma, wakambeba mama wa marehemu mpaka alipokaa sasa hivi.

Marehemu ameacha mjane, Eugenia, watoto watatu, ndugu wawili, Aristides na Yustasi, na mama yake, Yudesi. Haombi uhamisho tena. Mungu ampe kupumzika kweli, maana huku hakupumzika.