Nhạn Anaweka Koleo Chini

Nhạn amemaliza! Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, Phan Thị Nhạn ataweka koleo chini baada ya miaka ishirini na tisa na miezi miwili katika Nyumba ya Udi ya Suối Ngà, na hakuna atakayemwongezea hata siku moja. Haya, sasa hamjambo wote, wa lango, wa bustani, wa karakana na wa jikoni.

Uongozi umeniomba mimi niandike wasifu huu. Najua wapo watakaoguna kwamba mama hawezi kumwandikia mwanawe bila kumpamba. Ni kweli, nitampamba. Lakini mimi nami nilipika hapa miaka kumi na saba, kwa hiyo nazungumza kama mfanyakazi mwenzake. Shule niliishia darasa la tano. Thắm wa tiketi amenisahihishia herufi, maneno ni yangu.

Nhạn aliajiriwa Agosti 1996, akiwa na miaka ishirini na saba. Alianzia karakana. Aliketi sakafuni na wanawake wengine kumi na wanane, patasi ndogo mkononi, akikwangua mbao nyeupe isiyonuka chochote mpaka ibaki ile nyeusi tu, pale mti ulipoumia kwa shoka au radi au risasi ukajitibu kwa utomvu wake. Ukizidisha unywele mmoja, umekata nyeusi. Katika miaka kumi na minane Nhạn aliikata nyeusi mara mbili, na mara moja kati ya hizo kosa lilikuwa langu, nilimpigia kelele chakula kikiwa tayari. Nitajieni mwingine mwenye hesabu hiyo. Hayupo.

Mwaka 2014 msanii Quyên alikuja kutoka Huế akajenga Chumba. Wageni hulala kwenye mikeka gizani dakika arobaini. Picha hutembea kwenye kuta zote na dari, miti inatobolewa na kuchanjwa, na sauti za sisi wajane zinatoka chini ya mkeka, kila mmoja akimtaja mumewe aliyekwenda msituni kutafuta udi. Mume wangu Hậu alirudi mwaka 1988 na udi usiojaa kiganja na homa iliyomzika siku ya tisa. Sauti yangu ni ya tatu, ile iliyo wazi kuliko zote. Muda wote huo hakuna harufu. Halafu mvua inaanza kunyesha ukutani, na hapo ndipo udi unapowafikia. Hauwahi, hauchelewi. Watu hulia. Wengine hutoka wakisema wamelala usingizi ambao hawakuupata miaka mingi.

Harufu hiyo ilikuwa mkono wa Nhạn, nyuma ya pazia, juu ya chetezo. Mara nne kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka kumi na mmoja. Hapakuwa na wa kumpokea. Macho yake yakawa mekundu daima kwa moshi, magoti yakawa yanalia kuliko mlango wa stoo. Jioni alikuwa akisinzia mezani, kijiko bado mkononi. Nikimwambia, "Omba likizo, mwanangu," anajibu, "Nani atashika moto, mama? Wewe?"

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusu yenu mnalijua vibaya, kwa kuwa limesimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Mwaka 2021, maradhi yale yaliyofunga dunia yalipopita nyumbani kwetu, yaliondoka na pua ya Nhạn. Hakunusa tena kitu. Akaogopa kusema. Basi kila asubuhi nikawa napanda ngazi sitini na mbili za lango, mimi bibi wa miaka sabini na zaidi, na bakuli la wali wa kunata kama kisingizio, nikamnusie. Thắm alikuwa akinitania pale dirishani:

"Bibi, wali tena? Dada Nhạn angekuwa anaumaliza wote huo, asingepita mlangoni!"

"Katia watu tiketi, mwanangu, niachie mimi wali."

Nyuma ya pazia Nhạn alikuwa akipasha kipande, ananisogezea puani. "Hiki je, mama?" "Kitamu." "Na hiki?" "Hicho kinakwaruza koo, kirudishe." Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Machi mwaka huu mkurugenzi wetu, Ndugu Khoa, alileta mashine ya kupuliza mafuta ya udi. Simlaumu. Alikuwa anamwona Nhạn anavyochoka, na alijua mwaka huu ndio wa mwisho. Ilijaribiwa wiki moja. Mzee Tường, aliyekuwa msituni pamoja na marehemu mume wangu na ambaye huja kila mwezi, alitoka kabla ya mvua kuisha, akavaa viatu vyake kwa hasira.

"Kumekuwaje humo, mzee?" Thắm akamwuliza.

"Pananukia hoteli! Rafiki zangu hawakufia hotelini."

Ukaitwa mkutano. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Ndugu Khoa akasema, "Dada Nhạn, wewe ndiye pua ya nyumba hii. Useme neno moja tu, tutalifuata. Mashine au moto?"

Jamani, angesema "moto" tu, yangeisha. Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Mwanangu akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Kaka Khoa, usiniulize mimi. Sinusi kitu huu mwaka wa nne. Hata ukiweka samaki aliyeoza hapa mezani, mimi nitakunywa chai."

Thắm akaropoka, "Ndiyo maana ulisifu mchuzi wangu ulioungua!" Watu wakacheka, Ndugu Khoa hakucheka. Alimwambia Nhạn akae nyumbani mpaka aitwe. Imebaki miezi sita astaafu, baada ya miaka yote ile, na anaondoka mlangoni kama mwizi. Alilala siku tatu. Nilikuwa naingia kumsikiliza kama anapumua.

Siku ya nne wakamwita. Quyên alikuwa amesafiri kutoka Huế, na alitaka kuona kwa macho yake. Wakachanganya vipande kumi na viwili, vizuri na vibaya, Nhạn achague peke yake. Mimi nikazuiwa langoni nisije nikamnusia, nikakalishwa kwenye kiti cha Thắm. Wao watatu, Quyên, Ndugu Khoa na Mzee Tường, wakalala kwenye mikeka. Kama harufu ingekosea, moto ungezimwa kabisa na mashine ingebaki.

Nilihesabu zile dakika arobaini kwa maombi. Walipotoka, Mzee Tường alifunga viatu vyake, akafungua, akafunga tena. Halafu akamwambia Ndugu Khoa, "Hivyo ndivyo nguo zetu zilivyokuwa zinanuka siku tulipombeba Hậu kumrudisha. Hivyo hivyo."

Ndugu Khoa akamwuliza Nhạn alivyoweza. Akaonyesha. Kipande anakitia kwanza kwenye bakuli la maji, kinachozama ndicho chenye utomvu. Juu ya moto anatazama ukingo, utomvu unatoa jasho na vipovu vidogo. Moshi ukiwa mwembamba na wa samawati, sawa, ukiwa mnene na wa kijivu, mbao inaungua, ondoa. Joto analipima kwa mgongo wa mkono. Mvua akiisikia inakuja, anahesabu pumzi ishirini. Alisema amekuwa akifanya hivyo peke yake, bila pua ya mtu, tangu mwaka wa pili wa kutonusa.

Mwaka wa pili! Jioni ile nilimwuliza, "Basi ulikuwa unanipandisha ngazi sitini na mbili za nini?"

"Mama, ungebaki nyumbani ungekaa na nani?"

Mniwie radhi nyote niliowaambia sokoni kwamba Chumba kizima kinaendeshwa na pua yangu. Kinaendeshwa na macho ya mwanangu.

Mashine ilirudishwa mjini. Kwa miezi sita Nhạn amemfundisha Thắm, ambaye aliunguza vidole, akaunguza pazia kidogo, sasa anajua. Ndugu Khoa amemwomba Nhạn radhi mbele ya wote, na Nhạn alichoomba ni kimoja: tarehe isisogezwe. Haijasogezwa.

Nhạn, wenzako wanakushukuru kwa mikono yako, na kwa kusema kweli siku ambayo uongo ulikuwa rahisi. Mimi nakushukuru kwa zile asubuhi. Ulale mpaka jua likuchomee chandarua. Magoti yako yapone polepole. Maisha yaliyobaki yawe mepesi mikononi mwako.

Jambo la mwisho. Nhạn hajawahi kulala kwenye mkeka wa Chumba, maana siku zote alikuwa upande wa pili wa pazia. Safari hii Thắm atashika moto, Nhạn atalala katikati, nami nitalala ubavuni kwake, mvua ikianza nimnong'oneze sikioni inavyonuka. Mikeka ipo ya kutosha, na tambi za Quảng nitapika mwenyewe sufuria mbili kubwa. Asiniambie mtu kwamba anaandaa keki za sikukuu ya mwezi, sikukuu ni kesho yake. Tunawangoja wote, bila kukosa hata mmoja, Jumapili tarehe 5 Oktoba, saa tatu asubuhi.