Geuka Kwanza: Maisha ya Fundi Lambert Kilufya, 1958–2025

Lambert Kilufya alikuja duniani tarehe 9 Machi 1958 mjini Likasi, Katanga, mtoto wa tano wa Papa Léonard Kilufya, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, na Mama Véronique Kabamba. Alizaliwa nyumbani mikononi mwa bibi yake, kwa sababu gari la hospitali lilikwama kwenye matope. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitoka amekunja ngumi, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumfungua akishaamua jambo.

Alisoma shule ya msingi ya mapadri hapo hapo Likasi kuanzia 1964 hadi 1970. Baba alipofariki, masomo yakaishia hapo. Yaliyobaki alijifundisha. Katika kibanda cha mjomba wake, fundi cherehani, vielelezo vya kupimia nguo vilikatwa kwenye magazeti ya zamani, na Lambert hakutia mkasi ukurasa kabla ya kuusoma. Kwa hiyo Kifaransa chake kilikuwa safi, ila habari nyingi za dunia alizijua nusu, maana nusu ya pili ilikuwa imeshakuwa kielelezo cha mkono wa shati.

Mwaka 1981 alipata kazi yake kubwa ya kwanza. Akina mama wa parokia walileta vitambaa vyenye picha ya askofu, washonewe sare za sikukuu. Lambert alipima vizuri, akalinganisha mishono, akapiga pasi, akakabidhi. Jumapili asubuhi Mama Arlène, kiongozi wao, alimjia kibandani akiwa amevaa ile sare.

"Weye Lambert! Monseigneur unamuweka kwa makalio yangu? Sasa nikikaa kwa misa, nafanya namna gani?"

"Mama, usikae. Simama misa yote."

Kwa jibu hilo alipigwa kofi, na alilistahili. Alikuwa ametazama mbele tu. Toka siku ile hakumruhusu mteja kuondoka kabla ya kumwambia, "Geuka kwanza." Wengi wenu mliopo hapa mmegeuzwa naye, hata waliokuja kubadilishiwa zipu tu.

Miaka mitatu baadaye wazee walipokwenda kumposea Lambert binti aitwaye Clémentine, walimkuta mama wa binti ni Mama Arlène yule yule. "Huyu ndiye aliyenikalisha juu ya Monseigneur?" aliuliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walifunga ndoa tarehe 14 Julai 1984. Mungu aliwajalia watoto wawili, Murielle na Gradi. Clémentine anashuhudia kwamba mumewe alikuwa mpole wa maneno na mgumu wa nia, na kwamba kugombana naye ilikuwa sawa na kugombana na ukuta unaotabasamu.

Vita vilipowaondoa nyumbani, walikimbilia kusini, wakateremka stesheni ya Park Station mwezi Novemba 1997, wakapanga chumba mtaa wa Joubert Park. Lambert alipata kazi Doornfontein katika karakana ya bibi mmoja Mskoti aliyeshonea bendi za shule zinazopiga zumari za mfuko. Huko alijifunza kilti, ile sketi ya wanaume ya sufu yenye miraba, iliyonyooka mbele na yenye marinda nyuma. Bibi alipofariki, Lambert aliendelea na karakana peke yake. Siku zile jengo zima lilinguruma kwa cherehani, ghorofa kwa ghorofa, na mtu aliyekosa uzi alibisha mlango wa jirani. Leo vyumba vile vimejazwa vitanda vya wanafunzi. Marinda nayo yanakunjwa na mashine na kugandishwa na gundi. Unayanunua Jules Street asubuhi, mvua moja tu, jioni umevaa gunia. Lambert aliyaona yote hayo, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Ugonjwa ulimpata Novemba iliyopita. Kiharusi kiliulemaza mkono wake wa kulia. Daktari alimwambia apumzike, naye akajibu kwamba ana mteja. Na ni kweli alikuwa naye: Papa Emrys Pugh wa Malvern, mzee ambaye wazazi wake walitoka Wales, na ambaye yuko nasi leo. Binamu yake wa mwisho aliyebaki huko kwao alimtumia kitambaa cha ukoo wao, kijani kibichi chenye miraba ya buluu na mstari mwembamba mweupe. Kiwanda kilichokifuma kimefungwa, na kitambaa kingine kama hicho hakipatikani. Papa Emrys alitaka kilti ya kumpeleka binti yake altareni Jumamosi baada ya Pasaka.

Jambo la kuamua lilikuwa marinda. Kuna marinda mapana ya kisanduku, ambayo hayali kitambaa kingi. Kuna marinda ya mstari, ambapo kila kunjo linaonyesha mstari ule ule, na nyuma pakawa kama askari waliopangwa. Ndiyo ya bendi, ndiyo uliyoyazoea mkono wa Lambert. Na kuna marinda ya mchoro, ambapo kila kunjo linatafutiwa mahali pake ili miraba iendelee nyuma kama ilivyo mbele, utadhani kitambaa hakikukunjwa. Hayo yanataka subira, na vidole vizima.

Murielle, ambaye alikuwa ameiacha sindano akawa msusi wa nywele Joubert Park, alirudi karakanani kumsaidia baba yake. Yeye ndiye aliyechagua mstari. "Papa, ni rahisi, na ni smati," alisema. Lambert alikubali kwa sababu ya mkono. Marinda yote yakashonwa. Ilibaki kukata sufu iliyozidi ndani ya makunjo, sehemu ya kiunoni, ili nguo isiwe nene. Kata hiyo ikishapigwa, hakuna kurudi.

Papa Emrys alikuja kujaribu, akasimama mbele ya kioo. "Fundi, imependeza sana."

"Kioo kinakuonyesha uso wako, papa. Geuka kwanza."

Akageuka. Kijani kilikuwa kimepotea, buluu imepotea, umebaki mstari mweupe, mweupe, mweupe. Lambert akasema, "Mbele ni Pugh. Nyuma ni mtu wa bendi. Na kanisani watu wote watakuwa nyuma yako."

"Eish, Papa," Murielle alisema, "mteja mwenyewe ameridhika!"

"Mteja hana macho kisogoni. Fumua."

"Yote?"

"Yote."

Papa Emrys alijaribu kumzuia. "Harusi imekaribia, Lambert, na mkono wako huo..."

"Mkono ni wangu. Wewe siku ya harusi lete miguu."

Wakaanza upya. Lambert alikalia kiti chake, akakunja kwa mkono wa kushoto, akatia chaki, akabana kunjo kwa kiwiko cha mkono uliokufa; Murielle akashona. Mraba ukihama hata kidogo, alisema neno moja: "Fumua." Siku moja Murielle alitupa sindano akatoka nje analia. Baba yake hakumwita. Aliporudi alimkuta ameiokota sindano na anahangaika kuitia uzi kwa mkono mmoja, uzi ameushika kwa meno. Murielle akaichukua, akakaa. Vidole vyake vya kusuka, ambavyo baba alikuwa ameviona vimepotea, vilishika miraba kama vinavyoshika njia za nywele kichwani. Jioni hiyo Lambert alitazama rinda moja kwa muda mrefu, akasema, "Hili liache." Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa tarumbeta ya sifa.

Tarehe 26 Aprili 2025 alipelekwa kanisani kwenye kiti cha magurudumu. Walimwekea nafasi mbele, akaikataa. Alitaka nyuma kabisa. Papa Emrys alipopita na binti yake mkononi, marinda yakifunguka na kujifunga kwa kila hatua, na miraba ikibaki mizima, Lambert alimshika Clémentine mkono. "Umeona?" alisema. "Anapita mtu mmoja, mbele na nyuma."

Kiharusi cha pili kilimjia mwezi Juni. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 17 Juni 2025, alfajiri, Clémentine akiwa kando yake. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, Clémentine. Watoto, Murielle na Gradi. Wajukuu wanne, ambao wanasikia Kiswahili na kujibu Kizulu, lakini ambao kila mmoja anajua maana ya "geuka kwanza". Kaka yake mkubwa, Jacques, aliyepewa kazi ya kusoma haya. Na karakana Doornfontein, ambayo Murielle aliifungua tena juzi.

Papa Emrys ameomba kutangulia mbele ya jeneza akiwa amevaa kilti yake. Kaka wa marehemu, huyu huyu anayewasomea, alikataa, akiuliza tangu lini jeneza letu likaongozwa na mzee mwenye sketi. Murielle akamwambia, "Papa mukubwa, na nani mwingine ataweza kutuonyesha kazi ya Papa tukiwa njiani?" Kaka akaondoa neno lake.

Basi Papa Emrys atatangulia, polepole, maana magoti yake si mazuri. Sisi tutamfuata. Tunawaomba msiinamishe vichwa. Tazameni marinda yale, mchoro usiokatika, mpaka tufike, kabla udongo haujaufunika mkono ulioyakunja. Mungu amlaze Lambert mahali penye utulivu. Hakuacha nyuma kazi inayohitaji kufumuliwa.