Koti la Mhoja na Upepo wa Kilimani

Benchi la Deodata, muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali moja, na hakuna aliyelikalia akakosa la kusema. Lipo njia panda ya kwenda Mabawe, mbele ya banda la Renatus, fundi wa baiskeli na pikipiki. Huyo wanamwita Injinia, kwa sababu enzi za kambi ya wakimbizi aliosha malori ya msaada kule Lukole, na tangu hapo hakuna chombo anachokubali kwamba hakijui. Pembeni yake hukaa Marcel, mnunuzi wa ndizi, jina la kijiweni Methali. Anazo nyingi kuliko mahali pa kuziweka. Asubuhi hiyo ya gulio, kati yao alikaa Kwizera, dereva wa bodaboda, kikombe cha kahawa mkononi, msumeno wa chuma magotini, na moyo mzito.

Msumeno ulikuwa wa kukatia mwamvuli. Mkewe, Speciosa, aliuza maharage ya msimu mzima akamnunulia ule mwamvuli mrefu wa pikipiki, unaofunika dereva na abiria wake, na Kwizera aliupenda kwa dhati. Lakini wateja walikuwa wanamhama mmoja mmoja kwenda kwa Mhoja, kijana wa Kisukuma mwenye jina la Mshale. Yeye Kwizera walimwita Taratibu. Hebu niambie, nani atapanda pikipiki ya Taratibu na gulio limeshaanza?

Injinia alikuwa amemweleza tangu mapema kwamba mwamvuli unashika upepo, na pikipiki inayoshika upepo ni sawa na mbuzi anayevutwa kamba huku hataki.

— Bandu bandu huisha gogo, Marcel aliongeza. Kata mwamvuli leo, kesho vioo, keshokutwa hiyo keria ya nyuma. Utaruka.

Hapo ndipo Mhoja alipoingia na vumbi lake, kifua kimelala kwenye tangi, koti amelivaa nyuma mbele, na kuku mwekundu kwenye kikapu kilichofungwa kwenye usukani. Alifunga breki katikati ya watu wa gulio.

— Injinia, nifungue zipu mgongoni. Leo nimevumbua kitu.

Walimfungua, wakamsogezea kahawa. Akasimulia kwamba alitoka Murusagamba na bibi mmoja. Walipofika chini ya kile kilima cha kokoto, alisimama akageuza koti, akamwomba bibi amfungie zipu, kisha akalala kwenye tangi na kupiga gia.

— Ikawa nyepesi, ndugu zangu. Kana kwamba sikubeba mtu. Nimepanda kilima chote bila kumshusha abiria.

Kilima hicho kila mmoja alikijua: abiria hushuka, akapanda kwa miguu, maana kokoto zinateleza. Kwizera alikuwa na kawaida ya kumngoja abiria wake juu, injini imezimwa, hata akiwa mzee wa kupumzika mara tatu, na huko kungoja ndiko kulikompa jina. Sasa alihisi aibu, kama mtu aliyebeba maji kwa kichwa miaka yote kumbe bomba lilikuwepo.

— Bibi mwenyewe yuko wapi? Deodata aliuliza, akimimina.

Mhoja aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Akasema ameshuka haraka pale alipofunga breki, wanawake siku ya gulio hawashikiki. Atarudi tu, kuku wake si huyu?

Injinia hakuwa na haja na bibi. Alitaka sayansi.

— Upepo wa mbele si tatizo, alisema. Huo unapasuka wenyewe. Tatizo ni wa nyuma. Ukishapasuka unakuja kukutana mgongoni kwako, unaona zipu iko wazi, unashika koti, unavuta. Mhoja ameufungia mlango.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Marcel. Wahenga waliiona tangi kabla haijatengenezwa.

— Na abiria naye ana kazi, Injinia aliendelea. Nadhani yule bibi alibana pumzi.

— Hapana, Injinia, Marcel alipinga. Ni kuku. Mtazame alivyo: mdomo mbele, manyoya yamelala nyuma. Huyo ndiye aliyekata upepo, Mhoja alifuata tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Methali hiyo ilikuwa haihusiki kabisa, lakini kuku alikuwa na kamba mguuni kweli, na hilo liliwatosha. Wakakubaliana kwamba kila pikipiki ya Ngara ingefungwa kuku mmoja usukanini, mwekundu ikiwezekana, safari za Biharamulo wawili.

Kwizera hakucheka. Aliinuka, akaweka msumeno kwenye nguzo ya mwamvuli na kuanza kukata. Kila alipovuta alimwona Speciosa akipepeta maharage uani. Alikata hata msumeno ukazama robo ya chuma, akasimama kufuta jasho.

Ndipo bibi mmoja alipotokea kwenye barabara ya Murusagamba, kwa miguu, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Alikwenda moja kwa moja kwa kuku, akamkagua mabawa, akaridhika.

— Shikamoo bibi, walisema wote kwa pamoja.

— Marahaba wanangu. Mimi ni Melania. Kuku huyu ni wa mzazi. Mjukuu wangu Uwimana amejifungua, yuko Mabawe.

Deodata alimpa kikombe, akamkalisha. Bibi alikunywa kwanza, hakuwa na haraka na maneno. Kisha akamtazama Mhoja.

— Nilikufungia koti, nikaona kilima kile, nikaanza kupanda kwa miguu, kama siku zote. Ukanipita. Nikasema ataningoja juu. Sasa niambieni, ninyi mnaojua pikipiki: ilipokuwa nyepesi, mlidhani mimi nimekwenda wapi?

Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake. Mhoja alivua koti taratibu, akalivaa upya, mbele mbele.

— Nisamehe, bibi, alisema.

— Nimekusamehe. Ila sipandi tena.

Aligeukia mwamvuli na nguzo yake yenye jeraha.

— Na wewe, kilimani huwa unangoja?

— Nangoja, bibi, alisema Kwizera. Ndiyo kazi iliyonipa jina.

Alirudisha msumeno kwa Injinia, akaifunga nguzo kwa mpira wa baiskeli, akampandisha Melania na kuku wake. Furaha ilimjaa hata akasahau kumaliza kahawa. Wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, mwamvuli ukiyumba kidogo juu yao. Kila baada ya kona Kwizera aligeuza kichwa.

— Bibi, upo?

— Nipo, alijibu Melania. Twende hivi hivi, mwanangu. Mtoto mwenyewe ana siku tatu, haendi popote.