Nikolaus Ngollo, Mchagua Bunduki wa Tabora

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1956, Nikolaus Ngollo atastaafu baada ya kulitumikia duka letu la bunduki na vifaa vya uwindaji hapa Tabora kwa miaka ishirini na minane. Wenzangu wameniomba mimi Saidi, karani wa duka, niandike maneno ya kusomwa siku ya kumuaga. Mimi ni Mzaramo niliyezaliwa Tabora na yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo tu watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Lakini leo utani utakuwa kidogo, maana habari yenyewe haichekeshi.

Alianza kazi mwaka 1928 akiwa mpagazi wa makasha, akiyatoa stesheni na kuyaleta dukani kwa kichwa. Hakuona haya. Baba yake, marehemu mzee Ngollo, alikuwa mpagazi wa misafara ya zamani, akishuka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, na fahari yake ilikuwa kwamba hakuwahi kuchagua mzigo mwepesi. Watani zangu wengi wamerithi fahari hiyo, nasi tulio kwenye biashara hii tumeiona ikigeuka balaa. Mtu anaingia kununua bunduki yake ya kwanza ya marisau, zile chembe ndogo za risasi, hatazami mtutu, hatazami kitako. Anaiweka begani kama pembe, anatikisa kichwa, anaomba nzito zaidi. Iliyozishinda zote kwa uzito ndiyo anayoona ni ya mwanamume.

Ndivyo kaka yake, Ambrosi, alivyochagua ya kwake mwaka 1931. Nikolaus mwenyewe aliibeba hadi kwao Ipole akiisifu njia nzima. Msimu huohuo ndugu hao wawili walikwenda kuwinda kanga. Wakati wa kurudi Nikolaus alitangulia, na Ambrosi akabaki nyuma, mabega yamechoka. Akaifanya bunduki mkongojo, kitako chini, mtutu juu, na risasi imo ndani. Kitako kikateleza kwenye jiwe. Nikolaus aligeuka aliposikia mlio, na kaka yake alikuwa amekwisha kuanguka.

Ambrosi aliacha mjane, Marcelina, na mabinti wadogo. Marcelina hakumlaumu mtu. Msibani alisema neno moja tu, kwamba bunduki haitaingia tena uani kwake. Tangu siku hiyo Nikolaus hajamiliki bunduki, yeye ambaye amewachagulia bunduki nusu ya wawindaji wa Jimbo hili la Magharibi. Mimi nimefanya naye kazi muda mrefu na bado jambo hilo hunipa simanzi.

Baada ya arobaini alimwomba tajiri wetu, mwenye duka, amtoe kwenye makasha, amweke kwenye meza ya fundi. Alijifunza kila kitu pale, kusafisha mitutu, kupunguza kitako, kutengeneza kifyatulio kinachofyatuka ovyo. Kisha akaanza kusimama mbele na wateja, na hapo ndipo jina lake lilipojulikana.

Hakumuuliza mteja ana kiasi gani mfukoni. Alimuuliza atatembea wapi na atasimama wapi. Mwenye kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani kwenye uwanja wa klabu, kule upande wa Kitete, anasimama mahali pamoja na kufyatua risasi nyingi, kwa hiyo uzito kiasi unamsaidia, unameza teke la bunduki lisimuumize bega. Mwenye kufuata kanga porini anatembea kutwa nzima na pengine anafyatua mara mbili tu, na kila ratli ya uzito anailipa kwa jasho. Anayetaka bunduki moja kwa kazi zote mbili, na wengi wanaoanza hutaka hivyo, Nikolaus alimpa ya katikati, yenye mitutu miwili, mmoja wa kutawanya marisau karibu na mwingine wa kuyafikisha mbali. Kisha alimwambia afumbe macho, aipandishe begani, afumbue. Kama jicho limekuta shabaha mbele yake bila shingo kujikunja, bunduki ni yake. Kama sivyo, hata ingekuwa ya fedha tupu, ilirudi kabatini.

Yuko bwana mmoja wa Nzega, mkulima wa pamba, mtu wa kifua kipana, aliyekataa mafundisho hayo. Alitaka ile nzito na akazunguka nayo dukani akiimba wimbo wa wapagazi. Nikolaus hakubishana. Alimwomba waende nayo kwa miguu hadi uwanja wa sahani, jua la saa saba. Walipofika, mtambo ukarusha sahani, na bwana yule alikuwa bado anaipandisha bunduki begani. "Bwana," Nikolaus akamwambia kwa adabu, "sahani yako imeshafika Nzega. Utaikuta nyumbani." Bwana alicheka mpaka akakaa chini. Alirudi na nyepesi zaidi, na hadi leo anatuletea wateja. Mimi nilizoea kusema kwamba Nikolaus ni Mnyamwezi wa kwanza kuusema vibaya mzigo mzito, na yeye hunijibu kwamba Wazaramo hawakuwahi kuunyanyua hata wakapata la kusema.

Fahari yetu kubwa kwake ni hii: hatujasikia mtu aliyeumizwa na bunduki aliyoichagua Nikolaus.

Sasa anarudi Ipole na mkewe, kwenye shamba la ukoo ambalo Marcelina amelishika peke yake tangu mabinti walipoolewa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu kuliko zote. Nguruwe mwitu wamelivamia shamba lile. Wanang'oa mihogo, wanalaza mahindi, na kelele za madebe haziwatishi tena. Mwaka jana Marcelina alinunua chakula, yeye aliyezoea kugawa. Nikolaus akienda mikono mitupu watalima kwa ajili ya nguruwe. Akienda na bunduki atakuwa amevunja neno la mjane wa kaka yake. Kwa miezi mingi tulimwona akisafisha mtutu uleule mara mbili, mawazo yako Ipole.

Tajiri alipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, Nikolaus alisema: "Bunduki, kama shemeji yangu atakubali. Akikataa, nipeni jembe." Akamtumia ujumbe Marcelina aje mwenyewe aone.

Alikuja wiki iliyopita kwa lori la tumbaku, amevaa gauni lake la kanisani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa karibu na mlango akiitazama barabara. Tajiri, kwa moyo mzuri kabisa, akaleta juu ya meza bunduki ya thamani kuliko zote dukani, nzito, iliyonakshiwa fedha ubavuni. Alitaka kumheshimu mtu wake. Marcelina akainuka, akaishika kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, akairudisha mezani taratibu.

"Hii ni ndugu yake ile," akasema.

Tajiri aliikunja midomo, na nilidhani ameudhika, maana zawadi kurudishwa ni jambo zito. Lakini aliiondoa mwenyewe na kumpa Nikolaus ufunguo wa kabati. Nikolaus akatoa bunduki ndogo, nyepesi, iliyokwisha kutumika, kitako chake kifupi. Akaifungua katikati ili mitutu iinamie chini, akaonyesha kwamba mwanga unapita ndani na hakuna kitu. Halafu, badala ya kuipandisha kwenye bega lake, akampa Marcelina. Bunduki ile alikuwa amemchagulia yeye, mtu anayelijua shamba na njia za nguruwe. Wala hakuwa amemwambia mtu.

"Fumba macho, shemeji, uipandishe."

"Sifumbi," akasema Marcelina. "Nimefumba ya kutosha."

Akaipandisha macho wazi, akaishusha. Akatufanya tungoje. Nikolaus alikuwa ameinamisha kichwa, na naapa sijawahi kumwona mtu mzima akisubiri hivyo.

"Itaingia," Marcelina akasema mwishoni. "Itatembea imefunguliwa na tupu, mpaka nimwone nguruwe. Nawe, baba, safari hii usitangulie mbele. Utembee ubavuni kwangu."

Nikolaus aliitikia kwa kichwa. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi za kufanya nyuma ya duka.

Kibali cha bunduki kimekwisha kutoka kwa jina la Marcelina, na tajiri amewapa pamoja nayo kasha la risasi.

Nikolaus, ndugu yetu, tunakushukuru kwa mabega uliyoyanusuru na kwa watu waliorudi nyumbani wazima bila kujua kwamba ni wewe uliyewarudisha. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na ghala lililojaa. Uende salama Ipole, uishi vyema na watu wako, na njia ya shambani iwatoshe wawili.