Madaktari wa Sukari ya Theuri

Pale Chaka, kando ya barabara ya Nanyuki, kuna benchi ya mbao iliyoegemea ukuta wa duka la kuziba pancha. Benchi ni ya Watiri, ambaye wateja humwita Mama Mwai au Cucu, yaani nyanya, na jiko ni lake, na chai ni yake. Maneno yanayomwagwa hapo si yake, ila jioni ni yeye anayeyafagia pamoja na makombo ya mandazi. Vilima vyote vya huku chini vimepandwa kahawa, lakini hakuna anayeinywa. Watu wanataka chai, nzito ya maziwa na tamu ya kugandisha midomo. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na Watiri alikuwa akigeuza mandazi kwenye mafuta alipoona lori la Theuri linakuja. Nyumba ya Theuri iko pale nyuma ya kanisa, ukimwita kwa sauti anaitika. Hata hivyo alikuja na lori. Aliliegesha kwa madaha, na kitu fulani chini ya gurudumu kikalia pwaa!

— Theuri! Hiyo ni ndoo yangu ya maji!

— Ndoo gani, Mama Mwai? Sioni ndoo.

— Huwezi kuiona. Imelala chini ya gurudumu.

Watiri hakushangaa. Tangu sukari impande, Theuri anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke. Juzi tu alirudi nyuma na lori akakwangua choo cha soko, na shemasi alikuwa ndani, akatoka mbio akishikilia suruali kwa mikono miwili. Hapo ndipo Wakiuru, mke wa Theuri, alipochoka. Kesho ni kliniki, alimwambia asubuhi hiyo. Sukari ikiwa bado iko juu, ufunguo wa lori unaenda kwa mkwe wao Waweru, na mchele wa pishori anaousomba kutoka Wang'uru utabebwa na Waweru. Theuri angekubali kutoa figo kabla ya kutoa ufunguo huo. Kwa maoni yake Waweru hubadilisha gia kama mtu anayekoroga uji.

Madaktari wake wawili walikuwa wameshaketi kwenye benchi. Wa kwanza ni Mugo, aitwaye Dakitari kwa kuwa huuza dawa za minyoo ya mbuzi. Wa pili ni Peterson, aitwaye Meja. Huyo aliwahi kumenya viazi kwenye kambi ya wanajeshi huko Nanyuki, akarudi na buti, kofia, na maoni ya kivita.

— Ile unga ya mbegu ya avokado unakunywa? akauliza Mugo.

— Asubuhi na jioni. Inakwaruza koo kama msasa. Mama Mwai, nipe chai na mandazi.

— Wacha ikwaruze. Ng'ombe akifura tumbo, unampea kitu ya kukwaruza.

— Kwani mimi nimefura tumbo?

— Usituulize sisi. Uliza vifungo vya hiyo shati.

Meja akakohoa kama mtu anayeanza mkutano.

— Shida si tumbo. Shida ni damu imelala. Wale wanajeshi wanajimwagia maji baridi kabla jua itoke. Sukari ikisikia baridi inaogopa, inashuka kwa miguu.

— Na ikifika kwa miguu? akauliza Watiri.

— Inatokea kwa kucha, Cucu.

Watiri alimwangalia. Marehemu mume wake alizikwa na mguu mmoja. Ule mwingine ulimtangulia kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Hakuna kitu kilichotokea kwa kucha. Lakini alikuwa na mandazi ya kuuza, akageuza mengine.

— Hiyo maji baridi nimeoga, akasema Theuri. Kitu imeshuka ni sauti peke yake. Niongezee mandazi.

— Basi kula nduma, akasema Mugo. Nduma ni mzizi. Mizizi haina sukari.

— Nakula nduma. Nakula sufuria.

— Unakula saa ngapi?

— Nikimaliza wali.

— Ya pishori?

— Sasa Mugo, mimi ndio naitoa Wang'uru na lori yangu. Unataka nikule wali ya nani?

Mugo alifunga macho, akafikiri, na Watiri akajua kwamba linalokuja ni kubwa.

— Hapo umefanya vizuri bila kujua. Wali iko chini, nduma iko juu. Nduma inakaa kama kifuniko. Wali inataka kuingia kwa damu, inapata mlango imefungwa.

— Kweli?

— Hata mbuzi ni hivyo.

Meja hakutaka kuachwa nyuma.

— Na asali unaweka?

— Naweka kwa chai.

— Badala ya sukari?

— Juu ya sukari. Si ulisema asali inafukuza sukari?

— Nilisema. Asali si sukari, asali ni maua.

Theuri alichovya andazi kwenye chai, likanywa nusu ya kikombe, akalimeza. Alikuwa anachangamka sasa. Lori lile aliliona kama limebaki kwake.

— Shida ni hiyo mashine yao, akasema. Hiyo ya kudunga kidole.

— Hiyo ndio rahisi kabisa, akasema Mugo, akimsogelea kama anayeuza kitu cha wizi. Kesho wakikwambia ulete kidole, toa ya mkono ya kushoto. Sukari inakaa upande ya kulia, kwa sababu hiyo ndio mkono ya kula.

Meja akavua kofia kwa heshima.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mama mmoja kutoka upande wa Meru, jina lake Kaari, aliyekuwa akienda kununua vitunguu. Gari lake lilikuwa limeinuliwa na jeki pale kwa pancha. Alikuwa amekunywa chai yake kimya, akiwageukia mmoja mmoja.

— Mzee, pole nikiingilia, akamwambia Theuri. Hiyo unga ya mbegu umeongeza. Nduma umeongeza. Asali umeongeza. Na umeacha nini?

— Kuacha?

— Eee. Ni kitu gani ulikuwa unakula, ama unafanya, na sasa umeacha?

Mugo alimwangalia Meja. Meja aliangalia buti zake. Theuri aliangalia andazi lililokuwa mkononi, akaangalia kikombe, akaangalia lori lililomleta kutoka pale nyuma ya kanisa.

— Sigara, akasema Meja.

— Sijawahi vuta sigara.

— Basi sema umeacha.

— Ngojeni, akasema Theuri. Kuna kitu nimeacha. Kweli kuna kitu.

Walingoja. Hata fundi wa pancha aliacha kugonga.

— Dawa, akasema Theuri. Zile tembe za kliniki. Mugo alisema zitapigana na mbegu ya avokado.

— Mimi niliongea juu ya ng'ombe! akaruka Mugo.

Theuri aliliweka andazi kwenye benchi polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

— Mama Mwai, nipe chai bila sukari.

Watiri alifungua chupa ya chai, akachungulia, akaifunga. Alijua jibu kabla hajachungulia.

— Bila sukari hakuna. Yote nimepika nayo.

— Basi nipe maji.

— Maji ilikuwa kwa ndoo.

Theuri aliinuka. Alitoa ufunguo mfukoni, akaupima mkononi, akautundika kwenye msumari pale Watiri anapotundika upawa.

— Waweru akipita, mwambie achukue. Na aangalie asikanyage vitu za watu.

— Hakuna kitu imebaki ya kukanyaga, akasema Watiri. Enda umeze dawa.

Akaenda kwa miguu, akipapasa mawe ya njia kwa ncha ya kiatu. Watiri alimtazama mpaka akapita kanisa. Meja akanyoosha mkono kuchukua lile andazi lililobaki, na Watiri akamchapa vidole kwa kijiko.

— Haya, madaktari. Nataka kupika chai ingine, bila sukari. Nani anaenda kuchota maji?

Mugo aliangalia mawingu. Meja aliangalia buti zake.